Wapigaji Wachache wa Kisiwa cha Karafuu

Historia ya muziki wa Pemba haitengani na historia ya karafuu, kwa sababu njia zilizoleta wachumaji, wafanyabiashara na mabaharia kisiwani ndizo zilizoleta ala, miondoko ya ngoma na watu wa kuzipiga. Karafuu zilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kilimo hicho kikashika Pemba baada ya Sultani Seyyid Said kuwaondoa Wamazrui wa Mombasa waliokuwa wakikitawala kisiwa hadi miaka ya 1820. Kilichoipa Pemba nafasi ya kwanza, hata hivyo, ni kimbunga cha Aprili 1872, ambacho kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuipitia Pemba kwa madhara madogo zaidi, hata tangu wakati huo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar ikawa inatoka katika vilima vya Wete, Chake Chake na Mkoani. Kazi ya mashambani ilifanywa kwanza na watumwa kutoka bara, na baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, ikafanywa pia na watumwa walioachwa huru, na wenyeji wenyewe, na wachumaji wa msimu, wakiwamo Wahadimu wa Unguja na Wanyamwezi waliovuka bahari kufuata ujira. Kikundi kidogo cha muziki, chenye wapigaji wanne au watano, kilizaliwa katika mchanganyiko huu, na kwa hiyo kinafaa kusomwa kama hati ya historia, ingawa ni hati ambayo haikuandikwa.

Kundi lenye mizizi mirefu zaidi ni lile la zumari, ambalo Pemba linajulikana hasa kwa kuandamana na mchezo wa ng'ombe. Mchezo huu, ambao wengi huunasibisha na Wareno waliotawala pwani tangu karne ya 16 hadi walipoipoteza Mombasa mwaka 1698, huchezwa vijijini, Kengeja na Chwale vikiwa miongoni mwa vijiji vyenye sifa hiyo, na kwa desturi uliambatana na dua ya kuomba mvua. Ng'ombe hauawi, hufungwa kamba, akachokozwa na mchezaji mwenye kitambaa, na muziki ndio humpandisha hasira mnyama na kumpa mchezaji moyo. Zumari ni bomba la mti lenye matundu ya vidole, lililopanuka mwishoni, na mdomoni lina ulimi mwembamba wa jani unaotetema mpigaji anapopuliza. Mpigaji hodari hapumziki kati ya pumzi na pumzi: hujaza mashavu hewa na kuisukuma polepole huku akivuta nyingine puani, hata sauti ikawa haikatiki kwa muda mrefu, jambo linalohitaji mazoezi ya miaka na kifua cha mtu aliyezoea kazi ngumu. Katika mwambao wote wa Waswahili zumari huandamana na chapuo, ambayo ni ngoma ndogo yenye ngozi pande mbili, na vumi, ngoma kubwa ya sauti nzito, pamoja na upatu, sinia la shaba linalogongwa kwa vijiti. Zumari ina ndugu zake Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, ilhali ngoma zinazoiandama ni za Afrika. Watu wanne waliosimama ukingoni mwa uwanja walikuwa wamebeba mikononi mwao bahari nzima ya Hindi.

Si kila kikundi kilihitaji ala za kununua au kuchonga. Katika msewe, ngoma iliyotokea Pemba na kuchezwa kwa asili na wanaume, wachezaji hufunga miguuni njuga za ukili zenye mbegu ndani, kiasi kwamba hatua zao zenyewe ndizo mdundo, na mchezaji na mpigaji huwa mtu mmoja. Katika kibati, ambacho nacho ni cha Pemba, jambo kuu ni ulimi: waimbaji hujibizana kwa maneno ya kutungwa papo kwa papo, kwa kasi inayolingana na ngoma, na wengine hudakia kiitikio. Ustadi huu wa kujibizana una nasaba ya heshima kisiwani. Pemba ndiyo iliyowalea Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, aliyejulikana kama Kamange (1830–1910), na Sarahani bin Matwar (1841–1926), washairi wa zama moja ambao tungo zao zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2011 katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*. Hapa ndipo panapoonekana tofauti inayostahili kusikitikiwa: washairi waliojua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu, na waliokuwa na jamaa na wanafunzi wa kuhifadhi tungo zao, majina yao yamebaki, lakini wapiga zumari na chapuo wa zama hizo hizo, ambao bila shaka walisikiwa na watu wengi zaidi, hawakupata mwandishi.

Kikundi kinachofichua zaidi hali ya wapigaji wa visiwani ni kile cha kidumbak, kilichostawi Zanzibar miongoni mwa watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, na wa mashamba. Kina ngoma mbili ndogo za kidumbak, moja ikishika mapigo na nyingine ikiyakatiza, fidla ya kubeba sauti ya wimbo, cherewa za kutikiswa, mkwasa, yaani vijiti viwili vifupi vya kugonganishwa, na sanduku. Hilo sanduku ni lile lile la mbao nyembamba lililosafirishia majani ya chai. Hupinduliwa chini juu, likatobolewa katikati, ukapitishwa uzi uliofungwa kwenye fimbo, na mpigaji huivuta au kuilegeza fimbo kwa mkono mmoja huku akiupiga uzi kwa mkono mwingine, sauti ya besi ikapanda na kushuka. Fidla ilikuwa ghali na ilihitaji mwalimu, lakini sanduku lilihitaji bandari tu, na visiwa vyenye bandari za karafuu havikukosa masanduku. Wapigaji wa kidumbak hawakuwa na ukumbi wala mishahara. Waliitwa harusini, wakapiga usiku kucha, na malipo yao yalikuwa chakula pamoja na tunzo, yaani fedha ambazo wachezaji na wageni huwapa waimbaji wakiwa katikati ya wimbo.

Wenzao wa taarabu walianzia mahali pengine kabisa. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, na mwaka 1905 kikaanzishwa mjini Unguja chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho muziki wake uliimbwa kwa Kiarabu na kusikilizwa na watu wenye nafasi. Aliyeivunja mipaka hiyo ni mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Kikundi chake kilikuwa kidogo, akiwamo Subeti bin Ambar mpiga udi, Maalim Shaaban mwimbaji, na Mbaruku Talsam, kipofu ambaye sauti yake nayo ilirekodiwa. Mwaka 1928 walikwenda Bombay wakarekodi kwa Kiswahili. Kikundi chenye binti wa watumwa, mtu mwenye cheo cha ualimu na kipofu kilipaza sauti ambayo majumba ya wakubwa yalishindwa kuipuuza, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kingeweza kuundwa na chama chenye masharti ya nasaba.

Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, upande wa Tanga, watu wa aina ile ile walikuwa wakiunda muziki mwingine. Neno *jazz* katika Tanganyika halikuhusu muziki wa weusi wa Marekani peke yake, bali bendi yoyote ya dansi yenye gitaa na tarumbeta, kama Dar es Salaam Jazz Band iliyoanza miaka ya 1930. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz, na pia Young Nyamwezi, bendi iliyozaliwa miongoni mwa vibarua wa mashamba ya mkonge na baadaye kujulikana kama Jamhuri Jazz. Mnyamwezi aliyeacha kwao kutafuta ujira angeweza kukata mkonge Tanga au kuchuma karafuu visiwani. Kilichomfanya mmoja ashike gitaa la dansi na mwingine aitikie ngoma za msimu si kipaji, bali ni mji aliofikia na watu aliowakuta. Tanga ilikuwa na reli, baa na mishahara ya kila mwezi, na Pemba ilikuwa na msimu wa mavuno, ambao fedha zake ziliingia mara moja na kuishia katika harusi na sherehe za vijijini.