Kabla ya Bando: Kompyuta Kuukuu, Waya wa Simu na Gharama Isiyoandikwa



Mwaka huu chama chetu kinachangisha fedha za chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari. Wanachama wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Arusha wamekwisha kuahidi kompyuta ambazo ofisi zao zimeacha kuzitumia. Ni jambo jema na tunawashukuru. Lakini mimi ni mhasibu, na mhasibu akiona mali inapokelewa huuliza itatunzwa kwa fungu gani. Nimeombwa niandike ukurasa wa historia, nami nimechagua historia inayohusu swali hilo: jinsi kompyuta zilizokwisha kutumika zilivyounganishwa na intaneti kwa waya wa simu ya mezani katika miaka ya 1990, na kwa nini nyingi ziliishia kufunikwa kitambaa.

Tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje, na ilichukua miaka mingi kabla ya masharti hayo kulegezwa. Kwa upande wa simu, hadi mwaka 1977 tulikuwa chini ya shirika la posta na simu la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika tukawa na shirika letu wenyewe, na mwaka 1994 shirika hilo likagawanywa, simu zikabaki kwa TTCL. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na simu ya mezani chini ya moja kwa kila watu 100, na nyingi zilikuwa mijini. Mwaka 1995 Tanzania ikaandikishiwa jina lake la intaneti, .tz, na katikati ya miaka hiyo watoa huduma wa kwanza wa kibiashara, akiwemo CyberTwiga, wakafungua Dar es Salaam.

Kwa hiyo kompyuta na intaneti viliikuta nchi yenye simu chache. Mtu wa wilayani aliyetaka intaneti alikuwa na njia moja tu: waya uleule wa shaba aliopigia salamu.

Waya huo ulitengenezwa kubeba sauti ya mtu, wala si hesabu za kompyuta. Ndipo ilipokuja kazi ya modemu. Kifaa hiki hugeuza hesabu za kompyuta kuwa milio, milio hiyo husafiri kwenye simu kama maongezi, na modemu ya upande wa pili huirudisha kuwa hesabu. Wale waliowahi kusikia kelele zile za kukwaruza na kupiga filimbi walisikia modemu mbili zikisalimiana na kupatana kasi. Zikikuta waya safi zilipatana kasi kubwa. Zikikuta mkwaruzo zilishuka, na mkwaruzo ukizidi zilikata simu.

Sasa tuchukue kompyuta kuukuu ya wakati ule, tuseme ya aina ya 486 yenye Windows 3.1, iliyotumika Ulaya miaka kadhaa kisha ikaletwa kama msaada. Kuiunganisha kulihitaji hatua ambazo leo simu ya mkononi huzifanya kimyakimya.

Kwanza, Windows 3.1 yenyewe haikujua lugha ya intaneti. Ilibidi ipakiwe programu nyingine, na iliyoenea kuliko zote ilikuwa Trumpet Winsock, iliyoandikwa na Peter Tattam huko Tasmania, Australia. Programu hiyo ilikuja kwa disketi iliyopitishwa mkono kwa mkono, na watu wengi duniani waliitumia bila kumlipa mwenyewe. Ilipotoka Windows 95 lugha hiyo ilikuwa ndani tayari, lakini kompyuta kuukuu mara nyingi haikuwa na nguvu ya kuibeba Windows 95 vizuri.

Pili, kulikuwa na tundu la nyuma linalochomekwa modemu. Nyuma ya tundu hilo hukaa chipu inayopokea herufi zinazoingia. Katika mashine za zamani chipu hiyo ilishika herufi moja tu kwa wakati, kama mtu anayekinga maziwa kwa kikombe kimoja. Kompyuta ikichelewa kidogo kumimina, herufi inayofuata humwagika. Chipu mpya zaidi, ile ya 16550, ilishika herufi 16. Fundi asiyejua tofauti hiyo angeweza kununua modemu ya kasi, akaifunga kwenye mashine ya zamani, kisha akalaumu simu wakati kosa liko nyuma ya kompyuta.

Tatu, modemu ilipaswa kuambiwa namna ya kupiga namba. Amri zake zilitokana na modemu ya kampuni ya Hayes ya Marekani ya mwaka 1981, na karibu watengenezaji wote wakaziiga. ATDT ilimaanisha piga kwa milio, ATDP piga kwa midundo, kama simu ya kuzungusha kidole. Tofauti ya herufi moja tu. Kwenye kituo cha simu cha zamani kisichoelewa milio, mtu wa T angekaa siku nzima akisikia ukimya, na mwenzake wa P angeunganishwa. Palipokuwa na swichibodi ya mkono, modemu haikuweza kupiga kabisa: ilibidi umwombe opereta akuunganishie, kisha uiambie modemu ianze kuongea.

Nne, hata baada ya hayo yote, waya wenyewe. Sisi wa milimani tunaujua ukungu wetu na mvua zetu. Maji yakiingia kwenye viungio vya waya, sauti ya mtu bado husikika, nawe unaelewa kwamba shangazi anakusalimu. Modemu haina uvumilivu wa shangazi. Mwaka 1998 ulitoka utaratibu wa modemu za kasi ya 56, zikauzwa kila mahali, lakini kasi hiyo ilihitaji njia ya kidijitali kutoka kituo cha simu hadi kwa mtoa huduma. Penye vituo vya zamani mnunuzi alilipia 56 akatumia 28 au pungufu.

Hizo zilikuwa shida za ufundi, na fundi mwenye subira alizimaliza. Iliyokuwa nzito zaidi ni hesabu, na hapa naomba mnivumilie.

Modemu ya kasi ya 9,600 hupitisha takribani herufi 960 kwa sekunde. Barua ya ukurasa mmoja ina herufi kama 2,000, kwa hiyo hupita kwa sekunde 2. Disketi moja iliyojaa hupita kwa dakika 25 hivi. Picha moja ya simu za leo, yenye megabaiti 3, ingechukua zaidi ya dakika 50. Dakika hizo zote zilikuwa za simu, na simu ililipiwa kwa muda. Mkazi wa Dar es Salaam alimpigia mtoa huduma wake kwa bei ya simu ya mjini. Wa wilayani, ambaye mtoa huduma wake yuko Dar es Salaam, alilipa simu ya masafa marefu. Juu yake kulikuwa na ada ya mwezi ya mtoa huduma. Ndiyo kusema kwamba kadiri mtu alivyokuwa mbali na mji, ndivyo alivyolipa zaidi kupata kidogo zaidi. Simu ikikatika katikati ya faili alianza upya, na dakika zilizopotea zilibaki kwenye ankara.

Walikuwepo waliolielewa jambo hili mapema, na ndio ninaotaka tujifunze kwao. Mwaka 1984 huko San Francisco, Tom Jennings alianzisha mtandao ulioitwa FidoNet. Kompyuta zake hazikuwa zikiunganishwa muda wote. Mtu aliandika barua zake mchana, simu ikiwa imefungwa, na kompyuta ikazikusanya na kuzibana ziwe fungu dogo. Usiku, simu zikiwa nafuu na waya ukiwa mtulivu, kompyuta moja iliipigia nyingine, zikabadilishana mafungu, zikakata. Afrika Mashariki tuliupokea mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nairobi kulikuwa na kituo katika shirika la mazingira la ELCI. Mradi wa ESANET, uliogharamiwa na shirika la IDRC la Kanada, uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kompyuta zao hazikuwa za ajabu, na simu zao zilikuwa mbovu kama zetu. Walichofanya ni kupanga kazi kulingana na simu waliyokuwa nayo. Waliandika kwanza, wakapiga baadaye. Walikuwa na mtu wa kuangalia mashine kila siku. Na walikuwa na fungu la kulipia simu.

Nimesema na mtu na fungu, kwa sababu nimeona palipokosekana vyote viwili. Mwaka 2005, nikiwa mkaguzi mwanafunzi, nilitumwa kuhesabu mali katika ofisi kadhaa za wilayani, sizitaji. Kwenye daftari la mali niliandika mara nyingi: kompyuta 1, modemu 1, hali nzuri. Hali ilikuwa nzuri kweli, maana vilikuwa havijaguswa. Nilipofungua daftari la matumizi nilikuta simu ya ofisi ilikatwa kwa deni. Kompyuta ilikuwa imeletwa na mfadhili, imepigwa picha na kuandikwa kwenye ripoti. Ankara ya simu haikuwa na mfadhili. Ofisi moja ndiyo iliyokuwa hewani, na yake ilikuwa kuukuu kuliko zote. Karani wake, mama wa makamo, alikuwa na daftari la shule ameandika tarehe, saa ya kupiga, dakika alizotumia na barua alizotuma. Kila mwezi alilinganisha daftari lake na ankara. Mkuu wake hakuweza kumkatia fungu, kwa sababu alijua kila dakika ilikwenda wapi.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Simu za mkononi zilienea baada ya mwaka 2000. Hadi mwaka 2009 intaneti ya nchi yetu ilitegemea setilaiti. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaipeleka huduma mikoani. Leo kijana wa Soni au Mlalo ananunua bando kwa simu yake bila kujua ATDP ni nini, na ni heri.

Lakini hesabu ya karani yule haijabadilika. Palipokuwa na ankara ya simu, leo pana bando. Penye viungio vya waya vilivyolowa, leo pana umeme unaokatika na kuunguza mashine isiyo na stebilaiza. Disketi ya Trumpet Winsock imeondoka, lakini kompyuta ya miaka 10 iliyopita bado inafika na programu ambazo hazipati tena marekebisho ya usalama, na kuna mtu lazima aziondoe na kuweka nyingine. Kompyuta ya kupewa ni bure siku ya kwanza tu. Kuanzia siku ya pili ina gharama, na ikiwa gharama hiyo haikuandikwa, haitalipwa.

Jambo hili halihitaji elimu ya mbali. Kwetu hakuna anayeleta ng'ombe wa maziwa bandani kabla hajapanda majani ya guatemala kwenye matuta. Ng'ombe wa kupewa na wa kununua hula sawasawa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba mchango wa mwaka huu tuugawe katika mafungu matatu yaliyoandikwa. La kwanza ni usafirishaji na ufungaji wa kompyuta, pamoja na stebilaiza, meza na nyaya. La pili ni intaneti na umeme kwa miaka 3 mfululizo, fedha zikae kwenye akaunti yake na zisiguswe kwa jambo jingine. La tatu ni posho ya fundi mmoja, kijana wa palepale, atakayefundishwa na kukabidhiwa daftari kama lile la karani. Ikiwa fedha hazitatosha kwa kompyuta 40, tupeleke 15 zenye mafungu yote matatu. Mashine 15 zinazofanya kazi zitawasaidia watoto kuliko 40 zilizofunikwa vitambaa.

Na wewe uliyekwisha kuahidi kompyuta, Mungu akubariki. Tunaomba uambatanishe nayo ahadi ya bando la mwaka mmoja, hata kama ni dogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki tutakihesabu mbele yenu katika kitabu cha mwaka ujao, mstari kwa mstari.