Bastola ya Herstal: Silaha Ndogo na Wakubwa wa Kivu

Januari 1914 kiwanda cha Fabrique Nationale, kilichoko Herstal kando ya jiji la Liège nchini Ubelgiji, kilifanya karamu. Bastola ya milioni moja kati ya zile zilizobuniwa na Mmarekani John Moses Browning ilikuwa imekamilika, na mbunifu mwenyewe akavishwa nishani. Miaka sita kabla ya hapo Kongo ilikuwa imekabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji. Kiwanda na koloni vikawa chini ya bendera moja. Silaha zilizobuniwa kwa ajili ya mifuko ya makoti ya Ulaya zikapata njia ya kufika katika vituo vya Semliki na vilima vya Lubero, zikining'inia viunoni mwa wakubwa.

Ndiyo maana katika Beni na Butembo, miji ya Kivu ya Kaskazini, bastola ina historia tofauti na ile ya bunduki. Bunduki ndefu imepita mikono mingi: ya wawindaji wa tembo, ya askari wa kawaida, ya wanamgambo wa Mai-Mai, ya vijana waliookotwa njiani. Bastola ilikuja pamoja na cheo. Ukifuatilia nani aliruhusiwa kuishika na nani alikatazwa, utakuwa umesoma nusu ya historia ya utawala wa jimbo hili.

Gobore kwa wengi, kibali kwa wachache

Katika miaka ya 1880 msitu wa Ituri, ulio jirani na Beni ya leo, ulikuwa umevamiwa na misafara ya pembe za ndovu. Akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa waliuingia na watu wao wa Manyema, wengi wakiwa na gobore, bunduki ya kushindiliwa baruti kwenye mdomo wa mtutu. Liège yenyewe ilikuwa miongoni mwa miji iliyotengeneza bunduki za bei rahisi za namna hiyo kwa ajili ya biashara ya Afrika.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliingia msituni humo akimtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Alikuwa na Wazanzibari zaidi ya 600, bunduki 510 za Remington, nyingine 50 za Winchester zilizoweza kupiga risasi mfululizo, na bombomu moja ya Maxim. Mwaka 1889, akirudi kuelekea pwani, alipitia bonde la Semliki chini ya milima ya Ruwenzori. Wenyeji wa huko wakaona tofauti kati ya gobore, linalohitaji kujazwa upya kila baada ya mlio, na silaha inayojazwa kwa risasi za shaba.

Wakubwa wa Ulaya nao waliiona tofauti hiyo, wakaiandikia sheria. Tarehe 2 Julai 1890 walitia saini Mkataba wa Brussels. Ulitangazwa kuwa mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, lakini vifungu vyake kadhaa vilihusu silaha. Kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku. Gobore liliweza kuuzwa kwa masharti. Waliosamehewa ni majeshi ya serikali na mtu binafsi aliyeweza kuhakikisha kwamba silaha yake haitaingia mikononi mwa mwingine. Silaha ya mtu huyo ilipigwa muhuri, ikaandikwa katika daftari, na mwenyewe akapewa kibali cha miaka mitano chenye jina lake.

Kwa maandishi, sheria haikutaja rangi ya mtu. Kwa vitendo, aliyeweza kutoa uhakikisho huo mbele ya ofisa wa Dola Huru ya Kongo, iliyoitawala nchi kabla ya Ubelgiji, alikuwa Mzungu mwenzake. Hata Mzungu aliyevuka mpaka wa sheria hiyo alikiona cha moto. Januari 1895 Kapteni Hubert Lothaire alimnyonga Charles Stokes, mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland, katika nchi ya Ituri. Stokes alishtakiwa kumuuzia silaha Kibonge, mmoja wa wakubwa wa Waarabu na Waswahili waliokuwa wakipigana na Dola. Uingereza ilikuja juu, Lothaire akafikishwa mahakamani, na mwisho wake akaachiwa huru.

Fundi na kiganja cha mkono

Herstal yenyewe ilianza na bunduki ndefu. Kiwanda kiliundwa mwaka 1889 ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Browning alipofunga mkataba nacho mwaka 1897, kilipata kazi ya aina nyingine: silaha inayojijaza yenyewe, ambayo mtu anaweza kuivaa siku nzima bila kuchoka.

Bastola ya mwaka 1900, iliyopokewa na jeshi la Ubelgiji mwaka huohuo, ilibeba risasi saba na ilikuwa na urefu wa sentimita 16 hivi. Baada yake ikaja ile ya milimita 6.35, yenye uzito chini ya gramu 400, ndogo kiasi cha kufichika ndani ya kiganja. Mwaka 1910 Browning alifanya jambo la werevu: springi inayorudisha mbele kipande cha juu cha silaha aliizungusha kwenye mtutu, badala ya kuitafutia nafasi juu yake. Bastola ikawa nyembamba. Nyundo aliiondoa kabisa, akaweka ndani pini ya kugonga inayosukumwa na springi, ili kisiwepo cha kunasa nguo, na nyuma ya mpini akaweka kipande cha usalama kinachobonyea mtu anapoukamata sawasawa. Asiyeikamata vizuri hafyatui.

Bastola ya aina hiyo ndiyo Gavrilo Princip aliyompigia mrithi wa kiti cha Austria huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, miezi mitano tu baada ya karamu ya Herstal. Vita vilivyofuata vilimfikia hata Mkongo. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walivuka mpaka wakapigana na Wajerumani hadi wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, nyuma yao wakiwapo maelfu kwa maelfu ya wapagazi. Wapagazi hao walibeba mizigo ya vita ambavyo cheche yake ilitoka katika silaha ya kutoshea mfukoni.

Swali lililobaki kwa mafundi lilikuwa gumu zaidi. Jeshi lilitaka risasi nyingi, na risasi hukaa ndani ya mpini. Ukiziongeza, mpini unanenepa na mkono unashindwa kuuzunguka. Browning alianza kulishughulikia katika miaka ya 1920 kwa kuwa jeshi la Ufaransa lilikuwa limeomba bastola mpya, lakini alifariki tarehe 26 Novemba 1926 akiwa kazini hapo hapo Herstal. Kazi ilimaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive.

Saive alizipanga risasi katika safu mbili zinazopishana kama meno ya zipu, zikasongamana na kuokoa nafasi. Magazini ikachukua risasi 13, karibu mara mbili ya bastola nyingi za wakati huo. Kisha kulikuwa na tatizo la kifyatulio. Katika bastola ya Browning ya jeshi la Marekani, chuma cha kifyatulio huizunguka magazini kwa pande zote mbili, nacho huongeza unene. Katika bastola mpya msukumo wa kidole ulipandishwa juu, ukapitia kwenye kipande kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, ndipo ukaifikia nyundo. Mpini ukabaki na magazini, ukuta mwembamba wa chuma na vibao viwili vya mti. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa GP35 ya mwaka 1935, ambayo hadi leo husifiwa kwa jinsi inavyokaa mkononi.

Haikukosa dosari. Njia ndefu ya kifyatulio iliufanya mvuto wake kuwa mzito. Nyundo nayo, iliporudi nyuma kwa kasi, ilizoea kuifinya nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, hasa kwa mtu mwenye mkono mnene. Ofisa aliyeipenda bastola hiyo kwa ulaini wa mpini wake aliweza kurudi kutoka kwenye shabaha mkono ukivuja damu.

Mwaka 1940 Wajerumani waliikamata Liège, wakaendelea kuitengeneza GP35 kwa ajili ya jeshi lao. Saive alitorokea Uingereza, na kiwanda cha Inglis huko Toronto, Kanada, nacho kikaanza kuitoa mwaka 1944. Pande zote mbili za vita zikapigana na bastola moja.

Julai 1960

Katika Force Publique bastola ilikuwa ya ofisa, na ofisa alikuwa Mzungu. Kufikia uhuru, tarehe 30 Juni 1960, jeshi hilo lilikuwa na askari wapatao 25,000, wala hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Jenerali Émile Janssens aliwakusanya askari, akaandika ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa yale yale ya kabla ya uhuru. Tarehe 5 Julai askari wa Thysville waliasi. Siku chache baadaye serikali ya Patrice Lumumba ikatangaza kwamba uongozi wa jeshi unashikwa na Wakongomani. Victor Lundula akafanywa kamanda mkuu, na Joseph Mobutu akawa mnadhimu mkuu chini yake. Sajini waliokuwa wakipokea amri wakapandishwa vyeo kwa wiki moja, na alama zote za ofisa zikahamia kwao.

Mikono ilibadilika, ila maana ya bastola ilibaki ile ile. Jeshi la Zaire, jina ambalo Mobutu aliipa Kongo alipokuwa rais, liliendelea kuwa na GP35, na raia wa Beni au Butembo aliendelea kuihesabu kuwa silaha ya anayetoa amri. Askari wa mstari alishika bunduki ya FAL, iliyobuniwa na Saive yule yule, na baadaye Kalashnikov. Mkubwa alivaa bastola. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika miaka ya Mobutu kisu chenyewe kilikuwa kifupi.

Risasi ya Kinshasa, Kalashnikov ya Kivu

Vita vilivyoanza mwaka 1996 vililijaza eneo hili silaha ndefu. Kadogo, askari watoto wa AFDL, kundi lililompindua Mobutu, walipewa Kalashnikov. Mai-Mai wa Lubero na Beni walitoka na mikuki na magobore yaliyofuliwa na mafundi wa vijijini, wakaongeza bunduki walizoteka. Beni ikawa makao makuu ya RCD-K/ML, kundi la waasi la Mbusa Nyamwisi, na jeshi la Uganda likavuka mpaka wa Kasindi. Katika orodha ya silaha zilizoua watu hapa, bastola iko chini kabisa. Hata mauaji yaliyoanza Beni Oktoba 2014, ambayo linalaumiwa hasa kundi la waasi wenye asili ya Uganda la ADF, mengi yalifanywa kwa mapanga na mashoka.

Hata hivyo bastola moja iligeuza mkondo wa vita vyenyewe. Tarehe 16 Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi ofisini kwake Kinshasa na kijana wa ulinzi wake, aliyetajwa kwa jina la Rashidi Kasereka. Kalashnikov isingefika mezani kwa rais bila kuonekana. Silaha ndogo ilifika. Joseph Kabila akachukua nafasi ya baba yake, mazungumzo yakafunguka, na Desemba 2002 makubaliano yakatiwa saini Pretoria. RCD-K/ML ilikuwa miongoni mwa makundi yaliyoingia serikali ya mpito. Sifa waliyoitafuta mafundi wa Herstal, yaani silaha inayovalika bila kuonekana, ndiyo inayowatia hofu watunga sheria.

Muhuri unarudi

Sheria ya Septemba 1985, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mambo ya silaha nchini, inamtaka raia awe na kibali. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana Itifaki ya Nairobi, na Aprili 2010 nchi za Afrika ya Kati zikapitisha Mkataba wa Kinshasa, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017. Ukisoma maagizo yake, unakutana na mambo ya Brussels: kila silaha ipigwe alama, iandikwe katika daftari, na mwenye nayo awe na kibali chenye muda. Bastola imo katika tafsiri ya silaha ndogo sawa na bunduki.

Tofauti iko katika nia. Mkataba wa 1890 ulihesabu silaha ili mtawaliwa asiwe nazo. Ule wa 2010 unazihesabu ili mwananchi asipigwe nazo. Lakini daftari hufanya kazi kwa wanaokubali kuandikwa. Mfanyabiashara wa Butembo anayehofia wezi wa usiku ana duka na anwani, kwa hiyo sheria inampata upesi. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na tangu Goma, makao makuu ya jimbo, ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 serikali ya jimbo inafanya kazi zake kutoka Beni. Wanamgambo waitwao Wazalendo wanapigana upande wa jeshi wakiwa na silaha ambazo wengi wao hawakuwahi kuziandikisha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao wameeleza mara kwa mara jinsi silaha na risasi zinavyovuja kutoka maghala ya majeshi ya serikali.

Kwa hiyo kuanza na raia mwenye duka ni kuanza na mtu wa mwisho. Kuanzia misafara ya Ituri hadi leo, silaha nyingi zilizowaumiza watu wa Beni na Butembo ziliingia na watu wenye amri: wa Dola, wa koloni, wa jeshi la taifa, wa majirani, wa makundi. Alama za Mkataba wa Kinshasa zitakuwa na maana hapa siku zitakapopigwa kwanza kwenye silaha za wenye vyeo, ghala baada ya ghala, na daftari lake likakaguliwa na mtu asiyepokea amri kutoka kwao.