Siagi, Chumvi na Watu wa Karelia

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo twende Finland kidogo.

Mwaka 1944, baada ya vita na Umoja wa Kisovieti, Finland ilipoteza sehemu kubwa ya Karelia. Watu zaidi ya 400,000 walihama makwao. Serikali iliwagawia wengi wao mashamba, pamoja na askari waliotoka vitani. Baadhi walianza upya Karelia Kaskazini, upande uliobaki. Wakafyeka misitu, wakafuga ng'ombe. Watu waliojua njaa sasa walikuwa na siagi na nyama ya nguruwe mezani. Nani angewalaumu kwa kula?

Shida ilikuja polepole. Kufikia miaka ya 1960, wanaume wa mashariki mwa Finland walikuwa wanaongoza duniani kwa vifo vya ugonjwa wa moyo. Mwaka 1971 wananchi waliandikia serikali kuomba msaada. Mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya Pekka Puska, daktari ambaye hakuwa amefika hata miaka 30.

Kumbe dawa peke yake isingetosha. Akina mama wa chama cha Martha waliitisha mikutano vijijini, wakapika vyakula vyao vilevile ila kwa mboga nyingi, mafuta na chumvi kidogo. Vijiji vikashindana kupunguza kolesteroli. Watengenezaji wa soseji wakashawishiwa kupunguza mafuta. Mwaka 1976 Bunge likapitisha sheria ya tumbaku. Baada ya miaka kama 40, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa nini tunasimulia haya? Huku kambini tunaogopa kipindupindu na malaria, na ni sawa. Lakini presha na sukari hazipigi hodi. Mama zetu wanaambiwa wale mboga, wakati posho ni unga, maharage na mafuta. Ushauri bila mboga ni maneno tu. Karelia hawakumlaumu mgonjwa. Walibadilisha sufuria, duka na sheria kwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, waiteni akina mama wakati wa kupanga, siyo siku ya kugawa vipeperushi. Na sisi vijana tunangoja nini? Kupima presha ni dakika chache. Tuwapeleke wazazi wetu, na sisi tupimwe palepale.