Lori linapokuwa nyumba: namna ya kuchagua kichwa na trela kwa dereva anayeishi njiani



Hapa Luano, upande wa uwanja wa ndege wa Lubumbashi, wako watoto wanaohesabu siku kwa safari za baba. Baba alitoka Jumatatu. Ikiwa foleni ya Kasumbalesa si ndefu, ataingia Zambia kesho. Kisha Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, na upande wa Tanzania Mbeya, Iringa na Morogoro, mpaka bandari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kutoka nyumbani. Akishusha mzigo, atangoja mwingine wa kurudi. Kwa muda wote huo chumba cha lori ni mahali pake pa kulala, pa kula, pa kuugua na pa kusali.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya jamaa moja ya kwetu. Waliuza kiwanja, wakaongeza akiba ya mama sokoni, wakanunua kichwa na trela vilivyokwisha kutumika. Rangi ilikuwa mpya na injini iliwaka mara moja. Miezi michache baadaye chasi ya trela ilipasuka karibu na pini ya kuvutia, mzigo ukiwa juu. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini kiwanja hakikurudi. Walikuwa wametazama kila kitu kinachong'aa, na hakuna aliyelala chini kutazama chuma. Tumekaa na madereva na mafundi wa sharika zetu, tukakusanya hapa mambo ambayo mnunuzi angefaa kuyajua kabla ya kutoa pesa.

GURUDUMU LA TANO NI NINI

Kichwa cha lori na trela huungana kwa kitu ambacho mafundi wa dunia nzima hukiita gurudumu la tano. Siyo tairi. Ni bamba nene la chuma juu ya kichwa, linalopakwa grisi, lenye mdomo unaoshika pini iliyo chini ya trela. Pini hiyo huitwa kingpini. Mwaka 1914, kule Detroit, mfua chuma August Fruehauf alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao trela ya kubeba mashua, ikavutwa na gari la Ford. Tangu hapo namna hii ya kubeba mizigo imeenea duniani kote.

Kule Marekani wako watu, wengi wao wastaafu, ambao huishi mwaka mzima katika nyumba ya magurudumu inayovutwa kwa gurudumu la tano lililofungwa ndani ya pikapu. Kwetu ni kinyume: trela hubeba shaba, salfa, unga au mazutu, na mtu hulala katika kichwa. Hata hivyo swali la kwanza ni lile lile kwao na kwetu. Kabla ya kuuliza kitanda kikoje, uliza uzito ni kiasi gani.

ANZA NA MZIGO NA NJIA

Usinunue trela kisha utafute mzigo. Jua kwanza utabeba nini. Trela iliyo wazi hufaa kwa shaba na kontena. Yenye kuta hufaa kwa mifuko ya chokaa, salfa na chakula. Ile ya kumwaga kwa ubavu ni ya mawe ya migodi. Tangi ni la mazutu au la asidi, nalo lina masharti yake. Februari 2019, katika Lualaba, ajali ya lori la asidi iliua watu wengi. Anayetaka kuishi na tangi nyuma ya mgongo wake ajifunze kwanza kazi hiyo kwa mtu aliyeizoea, na asipike kamwe karibu nalo.

Shaba hudanganya macho. Tani 34 za shaba zikiyeyushwa pamoja hazijazi hata mita nne za ujazo. Trela huonekana kama tupu, kumbe imefika mwisho wa nguvu zake. Kwa hiyo mwenye kubeba shaba anahitaji chasi nzima na sehemu imara za kufungia minyororo, kuliko urefu wa trela.

Tazama pia njia. Kongo tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini wanaendesha kushoto. Dereva wetu hubadilisha upande mpakani, na usukani wake utakuwa upande mbaya katika nchi moja au nyingine. Uliza sheria ya usukani kabla ya kuagiza gari, na hakikisha vioo vya pande zote mbili ni vikubwa na vizima. Njia ya Dar es Salaam ina mteremko wa Kitonga, na njia ya kusini ina miteremko ya Chirundu kuelekea mto Zambezi. Huko breki za miguu peke yake huwaka moto na kushindwa. Kichwa kisicho na breki ya injini inayofanya kazi kiacheni, hata kama bei ni nzuri.

HESABU YA UZITO

Katika nchi nyingi za ukanda wetu, Zambia na Tanzania zikiwemo, mizani hutumia hesabu hii: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za pamoja tani 18, ekseli tatu za pamoja tani 24, na gari lote lisizidi tani 56.

Chukua kichwa chenye ekseli mbili nyuma, na trela moja ya ekseli tatu. Ni 8 na 18 na 24, jumla tani 50. Kichwa na trela vyenyewe vina uzito wa karibu tani 16. Hubaki mzigo wa tani 34 hivi. Ukichukua trela mbili zilizounganishwa, kila moja na ekseli mbili, hesabu ya ekseli hufika tani 62, lakini sheria hukusimamisha kwenye 56. Na kwa kuwa trela ya pili nayo ina uzito wake, faida ya mzigo si kubwa kama wengi wanavyodhani.

Hesabu pia matairi. Gari la kwanza lina matairi 22, la pili lina 26. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani lenye meno mazuri bado ni tairi la zamani. Bei ya lori bila bei ya matairi mapya ni nusu ya bei.

KUKAGUA CHUMA

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Nenda mchana, uchukue tochi, kitambaa, rula ndefu na kipimo cha milimita.

Kwanza, tenganisha kichwa na trela. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani. Futa grisi yote kwenye bamba la gurudumu la tano na utazame kama lina nyufa, kama mdomo umelika, na kama mpini wa kufungia unarudi wenyewe mahali pake.

Pili, pima kingpini. Za kawaida zina unene wa milimita 50.8, ziko na kubwa za milimita 90. Kichwa na trela lazima vipatane. Pini ya kawaida ikilika kufika milimita 49, wakati wake umekwisha. Weka rula kwenye bamba la chuma linaloizunguka: likiwa limepinda, trela hiyo iliwahi kugongwa au kuzidishiwa mzigo.

Tatu, lala chini ya trela ukatazame chasi kuanzia pini mpaka ekseli ya mwisho. Rangi mpya mahali pamoja tu, au mshono wa kuchomelea juu ya mshono mwingine, ni neno la kuuliza. Hapo ndipo jamaa ile ya kwetu ilipopoteza kiwanja.

Nne, springi. Za majani ya chuma hupatikana kwa fundi yeyote wa kando ya barabara. Mifuko ya hewa hutuliza mzigo na usingizi wa dereva, lakini ikipasuka mbali na mji utangoja. Kwa barabara za vumbi na za matope kati ya Novemba na Machi, madereva wengi tuliozungumza nao huchagua majani ya chuma kwa trela.

Tano, breki za hewa. Jaza hewa, zima injini, kisha nyamaza usikilize. Hewa ikivuja utaisikia, na sindano ya kipimo itashuka. Tazama mipira miwili inayokwenda kwenye trela, mwekundu wa kulisha hewa na wa njano wa kufunga breki; isiwe imefungwa kwa kamba au plastiki.

Baada ya kununua, kila mara unapounganisha trela, usiamini mlio wa kufunga peke yake. Funga breki za trela, vuta kidogo mbele, halafu shuka. Tazama kwa tochi kama mdomo umeshika shingo ya pini, na kama hakuna nafasi kati ya bamba na trela. Ni kazi ya dakika mbili.

CHUMBA CHA KULALA

Viko vichwa visivyo na kitanda, vilivyotengenezwa kwa safari za mchana. Bei yake ni ndogo, na mtu hujiambia atalala kwenye kiti. Usikubali. Dereva asiyelala vizuri huua, naye pia hufa. Chagua kichwa chenye kitanda halisi, ambacho mtu hujinyoosha mpaka mwisho. Panda ulale humo nusu saa siku ya kununua. Ikiwa utasafiri na msaidizi, vitanda viwe viwili.

Tazama kama sakafu inavuja maji ya mvua, kama madirisha hufunguka na kufungwa, na kama milango hufungwa kwa ndani. Fungia madirisha wavu wa mbu, maana malaria haingoji foleni iishe. Nunua blanketi nzito: usiku wa Juni na Julai kwetu ni baridi kweli.

Na hapa tunasema kwa nguvu: msiwashe mbabula ya makaa ndani ya chumba cha lori, hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya makaa haina harufu. Mtu husinzia, hapati nafasi ya kuamka. Kupika ni nje, katika sanduku la jikoni lililofungwa ubavuni mwa trela, upande usio na tangi la mazutu. Chupa ya gazi ikae humo, isimame wima, isilale ndani na watu.

Uwe na tangi la maji lenye bomba, na maji ya kunywa mbali na ya kunawa. Lori hutumia umeme wa volti 24 kutoka betri mbili za volti 12. Usichomeke simu na taa kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Itachoka kabla ya mwenzake, na asubuhi lori halitawaka. Tafuteni kigeuzi cha umeme, au betri ya pembeni yenye sahani ndogo ya jua.

Pangeni chakula na maji ya siku zaidi ya safari. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa muda mfupi kwa sababu ya ugomvi wa biashara, na malori yakasimama. Aliyekuwa na unga na maharage katika sanduku lake alingoja kwa utulivu kuliko mwenzake.

KARATASI

Linganisha namba iliyopigwa kwenye chasi na ile ya karte roze, kwa kichwa na kwa trela, moja moja. Trela ina karatasi zake, wengi husahau. Namba iliyosuguliwa ni mwisho wa mazungumzo. Kwa safari za nje tafuta kadi ya njano ya COMESA, bima inayokubaliwa Kongo, Zambia na Tanzania. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi, na pesa zisitoke mkononi kabla ya karatasi kuingia mkononi.

HESABU YA JAMAA

Bwana wetu alitaja mtu anayekaa chini kwanza kuhesabu gharama ya mnara kabla ya kuujenga. Basi jamaa ikae pamoja, baba na mama na watoto wakubwa, wahesabu: bei, matairi, bima, ushuru wa njia, mazutu ya safari ya kwanza, na akiba ya kuvunjika. Ikiwa akiba hiyo haipo, afadhali baba aendeshe lori la mtu mwingine mwaka mmoja zaidi. Kiwanja kilichobaki hakina aibu.

Hesabuni pia usingizi, na miezi ya kukaa mbali. Mama mmoja alituambia kwamba mumewe akipiga simu jioni, hamwulizi kwanza amefika wapi. Humwuliza amelala saa ngapi. Tunawaomba wazee wa sharika wajue majina ya madereva wao, wajue nani yuko njiani juma hili, na wapite kwenye nyumba zao kuwajulia hali waliobaki.