Kisa na Mpaka wa Uwezo: Pango na Mvua katika Milima ya Uluguru

Mwaka 1857 Richard Burton, Mwingereza aliyekuwa safarini toka pwani kwenda Ziwa Tanganyika, alishikwa na homa akalazimika kukaa siku kadhaa Duthumi, chini ya milima ya Uluguru. Huko alipata habari za pango lililokuwa mahali pa kuzuru, ambamo sauti ya kutisha ilisikika toka chini ya ardhi. Wenyeji waliiita sauti hiyo Kurero au Bokero, wakasema ni ya pepo. Wanawake walioga katika dimbwi la pangoni ili wapate watoto, na wanaume walichinja kondoo na mbuzi wapate mavuno mema na ushindi vitani. Burton alipochapisha kitabu chake mwaka 1860 alieleza kwa maneno machache kwamba yamkini sauti hiyo yatokana na maji yapitayo chini ya mwamba. Kisha akaendelea na habari nyingine.

Maelezo hayo yaweza kuwa ya kweli, lakini hayajibu swali lililo kubwa. Maji hupita chini ya miamba mahali pengi, wala si kila mahali watu huenda na kondoo wa kuchinja. Kwa nini sauti ya hapo iheshimiwe, na kwa nini watu wa ukoo mmoja, wala si mwingine, wawe na haki ya kuisikiliza na kuifasiri? Hapo ndipo kinapoingia kisa. Mtu asemaye kwamba ana uwezo usio wa kawaida, hata uwe mdogo, kama kuzuia nguruwe wasile mahindi au kuita wingu juu ya bonde moja, huulizwa kwanza: umeupata wapi? Asiye na jibu hana atakayemfuata. Kwa hiyo kando ya kila uwezo wa namna hii hupatikana hadithi ya asili yake, na hadithi hiyo hutungwa, hurekebishwa na hurithishwa kwa uangalifu uleule watu wanaoutumia katika kurithisha shamba.

Wanahistoria wengi wamevipita visa hivi kwa haraka, wengine wakiviita ushirikina, wengine wakiviandika vyote kama habari za mambo yaliyotokea. Pande zote mbili zapoteza jambo moja, nalo ni kwamba kisa cha asili hutoa uwezo na papo hapo huuwekea mpaka. Historia ya Uluguru yaonyesha jambo hilo waziwazi, na yaonyesha pia hasara iliyopatikana mpaka huo uliporukwa.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Milima ya Uluguru hupanda ghafula toka tambarare ya Morogoro, iliyo kiasi cha meta 500 juu ya bahari, hata kufika zaidi ya meta 2,600 katika kilele cha Kimhandu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huipiga kwanza mitelemko ya mashariki, nazo hulazimika kupanda, kupoa na kuacha maji yake hapo. Upande wa magharibi hupata mvua kidogo kuliko mashariki. Mito ya milimani huingia katika Ruvu, ambao mji wa Dar es Salaam waunywa maji yake hata leo. Katika nchi ambayo mgongo mmoja una ukungu na mwingine una ukame, mvua hugawanya watu na mashamba, na si ajabu kwamba mtu aliyejulikana zaidi kwa kuitawala mvua, yaani Kingalu wa Kinole, aliishi upande wa mashariki. Mwenye mvua huaminiwa zaidi mahali ambapo mvua yenyewe haiwi mbali.

Jambo la pili ni ukoo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi, jina na cheo cha mndewa, aliye mkuu wa tombo, hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Hata neno hilo tombo, maana yake ziwa la mama, lakumbusha kwamba wote walinyonya mahali pamoja. Hata hivyo mtoto huwa na deni la heshima kwa ukoo wa baba yake pia, na mtu hutambulikana kwa koo zote mbili.

Msomaji akiisha kuyajua hayo, kisa cha Kolelo humfungukia. Kisa hicho kiliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi miongoni mwa Wazaramo, ambao walikuwa wakisafiri kwenda Uluguru kulizuru pango. Kwa ufupi, chasimulia kwamba joka kubwa lilimtwaa mwanamke wa ukoo wa Mlali, likamfanya mke wake pangoni, na tangu hapo watu wa ukoo huo wakawa watumishi wa Kolelo.

Yaonekana kama hadithi ya kuwatisha watoto, lakini kila sehemu yake ina kazi. Aliyechukuliwa ni mwanamke, kwa sababu haki isingeweza kushuka kwa wazao kama isingepita kwake. Aliyemwoa ni joka, wala si mtu wa ukoo mwingine. Na joka halina ndugu watakaokuja kudai sehemu ya sadaka. Ndoa ilifanyika pangoni, basi uwezo wahusika na mahali, wala hauwezi kuchukuliwa ukapelekwa sokoni. Hatimaye, joka laishi ardhini penye maji, nalo huombwa mambo ya ardhi na maji: mvua, mazao, uzazi. Kisa hakisemi kwamba Wamlali watawahukumu watu au watatoza kodi. Kimewapa mlango mmoja na kimeifunga mingine.

Visa vya namna hii havikuwa vya Uluguru peke yake. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, aeleza jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu, alivyokuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ambaye kwa desturi hakustahili kuachwa hai. Wazazi wake walimficha. Alipokuwa mtu mzima nduguze walimnyima urithi wakamfukuza, naye akafika Usambaa, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na baada ya kuua simba akaitwa Simba Mwene. Uwezo wake wa kwanza ulikuwa mdogo: mbwa, mikuki na dawa za uwindaji. Lakini kisa kilikuwa kimekwisha kueleza kwa nini mtu huyo alikuwa wa hatari toka kinywani mwake, na kwa nini hatari hiyo ikielekezwa kwa nguruwe huwa faida. Ufalme ulikuja baadaye, juu ya msingi huo.

Morogoro nayo ilipata Simbamwene wake, kwa njia iliyo kinyume. Kisabengo, Mzigua aliyekusanya watumwa watoro na kuiteka nchi ya Wakami, hakuwa na joka wala jino la ajabu. Alikuwa na bunduki na ukuta. Henry Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871, aandika kwamba Kisabengo alipozeeka aliliacha jina lake lililochukiwa, akajiita kwa jina la mji wake, Simbamwene, na alipokuwa akifa akampa binti yake jina hilohilo pamoja na utawala. Mtu aliyekwisha kuwa na nguvu zote alihangaika mwishoni kutafuta jina ambalo lingeeleza nguvu hizo. Mwaka uliofuata, 1872, tufani na mafuriko yaliuharibu mji ule.

Visa hivi, hata hivyo, havikai vilivyo. Mwaka 1905, chini ya utawala wa Wajerumani, katika siku za kodi na za kulazimishwa kulima pamba, sauti ya Kolelo ilianza kusema maneno ambayo haikuwa imeyasema zamani. Klamroth alisikia kwa Wazaramo kwamba Kolelo amekataza kodi isilipwe kwa wageni, na kwamba katikati ya Julai gharika itakuja kuwaangamiza. Pango lililokuwa la mvua na uzazi lilipewa kazi ya vita. Mpaka ulirukwa, lakini uliorukwa na wafuasi wenyewe, kwa kutumia vitu vilevile vya kisa cha zamani: maji na ardhi.

Huko Ngarambe, karibu na Rufiji, kisa kipya kilikuwa kimekwisha kutokea mwaka 1904. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 walieleza kwamba Kinjekitile alichukuliwa na mzimu ndani ya dimbwi la mto, jamaa zake wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka majini na nguo zake zikiwa kavu. Kati ya visa vyote vya asili, hapana kilichotungwa kwa usahihi zaidi kuliko hiki. Mtu ambaye maji hayakumlowesha ndiye awezaye kutoa maji ambayo risasi haitawadhuru wanywaji wake. Sababu na uwezo vilifuatana kama swali na jibu, na kwa hiyo watu wa makabila yasiyokuwa na ukoo mmoja wala mfalme mmoja waliweza kuamini pamoja. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini kisa kilikuwa kimekwisha kutembea. Waliokufa katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wengi wao kwa njaa, wamekadiriwa kuwa 75,000, na wengine hufikisha hesabu hiyo 300,000. Kisa kilicho kamili kwa maana yake chaweza kuwa na gharama isiyosemeka katika matokeo yake. Ebrahim Hussein aliijenga tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969 juu ya uzito huo.

Baada ya Wajerumani kuondoka, mpaka ulirukwa tena, safari hii na serikali. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 akitaka kutawala kwa kupitia wakuu wa kienyeji. Waluguru hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wandewa wengi, kila mmoja na ardhi ya watu wake. Serikali ilipotafuta mtu ambaye jina lake lajulikana milimani kote, ilimkuta Kingalu, mwenye mvua, ikampa cheo cha Sultani. Kwa afisa wa ofisini jambo hili lilikuwa rahisi: huyu ana heshima, basi na atoe amri. Lakini heshima ile ilikuwa na asili yake, na asili yake ilikuwa mvua. Hapakuwa na kisa hata kimoja kilichompa Kingalu haki ya kumwambia mpwa wa ukoo mwingine namna ya kulima shamba la mjomba wake.

Kosa hilo lilionekana katika miaka ya 1950, serikali ilipoamuru watu wachimbe matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na juu ya hayo iligusa ardhi, ambayo ni mali ya koo. Utawala uliojengwa tangu siku za Cameron uliagizwa kuwahimiza watu, nao haukusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Matuta yakaachwa.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu. Usultani uliotolewa kwa karatasi ukaondolewa kwa karatasi. Lakini jina la Kingalu lingali likirithiwa Kinole, kwa kuwa halikutoka ofisini, nalo lilibaki pale lilipokuwa tangu awali, chini ya mawingu ya mashariki.

Kwa mwanafunzi wa historia funzo ni hili: kuuliza kama joka lilikuwapo ni kuuliza swali la mwisho kabla ya la kwanza. Yafaa kuuliza nani alipewa haki kwa kisa hicho, nani alinyimwa, na jambo gani halikutajwa. Kwa mtunzi wa riwaya au tamthilia funzo ni hilohilo. Akitaka kumpa mhusika wake uwezo mdogo wa ajabu, asimpe kwanza uwezo na kumtafutia sababu baadaye kama mtu ashonaye kiraka. Amtafutie jeraha, deni au ndoa ambayo uwezo huo ndio malipo yake, na aonyeshe mahali uwezo unapokoma. Wazee wa Uluguru walilijua jambo hilo. Wahenga husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Lisilosemwa nalo lina nguvu zake, na mtu wa Matombo alikufa kwa sababu ofisi haikusikia ambalo kisa cha mvua hakikulisema.