Kufuma na batiki Mwanza: Yajue haya kabla hujalipia darasa au kununua uzi

Sweta la mtoto, kitambaa cha kochi, kofia, batiki ya sherehe. Vyote vinatengenezeka nyumbani, iwe Mirongo au Igoma, na wateja wapo. Ila mtaji mdogo unaweza kuishia kwenye uzi usiofaa. Cheki mambo haya kwanza.

Wapi pa kujifunza

VETA ina chuo Nyakato, na ushonaji ni kati ya fani zake. Uliza ratiba ya kozi fupi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, nalo hufundisha wajasiriamali wadogo.

Njia nyingine ni fundi wa mtaani. Kabla hujatoa hela muulize: vifaa ni vya nani? Tutamaliza na kazi gani mkononi? Nitafundishwa kupiga hesabu ya bei? Akikwepa swali la tatu, endelea kutafuta.

Nane Nane, siku nzuri ya kuzunguka

Kila mwaka, Agosti 1 hadi 8, maonesho ya wakulima hufanyika Nyamhongolo, Ilemela, barabara ya Musoma. Siyo mazao na mifugo tu, wajasiriamali wa kazi za mikono nao hupanga meza. Siku ya kwanza zunguka, linganisha bei, chukua namba za simu. Kununua kunaweza kusubiri siku ya pili.

Pima uzi kwa kiberiti

Kanda ya Ziwa ndiyo nyumbani kwa pamba ya Tanzania, lakini siyo kila uzi unaouzwa ni pamba. Omba kipande kidogo, kiwashe kwa uangalifu, mbali na vitu vinavyoshika moto:

- Pamba: inawaka haraka, inanuka kama karatasi, majivu ni laini.
- Sufu: inawaka kwa shida, inanuka kama nywele zilizoungua.
- Akriliki: inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Kondoo wetu wengi wa asili wana nywele fupi, siyo sufu ya kusokota. Kwa hiyo ukiuziwa "sufu" kwa bei ya kutupa, shtuka.

Akriliki siyo mbaya, ni nyepesi na hukauka haraka. Lakini ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Sweta la mtoto anayecheza karibu na jiko, bora liwe la pamba.

Nunua uzi wa kazi nzima

Lebo huwa na namba ya rangi na namba ya toleo. Matoleo mawili ya rangi ileile yanaweza kutofautiana, na tofauti utaiona kochi likishavalishwa. Kwa anayeanza kroshia, sindano ya milimita 4 au 5 na uzi wa unene wa kati vinatosha.

Batiki: linda ngozi, linda ziwa

Chagua kitambaa cha pamba tupu, kwani rangi za batiki hazishiki vizuri kwenye poliesta. Kostiki soda inaunguza: vaa glovu, na tia soda kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye soda. Maji machafu usimwage mtaroni. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kuishia Ziwa Victoria.

Mtaji

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.