Bei ya Haki Haitoki Mdomoni mwa Dalali

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara ya magari ya mitumba huku Shinyanga, Kahama na Geita, msemo huo una kasoro, kwani mara nyingi kinachojiuza ni rangi tu.

Tuchukue mfano wa gari dogo la michezo, la viti viwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Mchimbaji aliyepata dhahabu jana huliona limeng'arishwa, hutajiwa bei, naye hulipa siku hiyo hiyo. Je, bei hiyo ni ya haki? Na ni ya haki kwa kipimo gani?

Swali hilo si geni katika kanda hii. Kabla ya magari ilikuwa pamba. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, zilieneza vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunda muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions.

Dhahabu nayo ilipita njia hiyo. Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo waliuza kwa magendo, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani na habari za bei. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu yao kupitia mabenki ya biashara, kwa bei iliyokaribia ile ya magendo. Mwaka 2019 soko la madini likafunguliwa Geita. Sokoni humo mzigo hupimwa uzito na ubora, na bei elekezi hutangazwa.

Historia ya magari ilikuwa tofauti. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilikuwa adimu na gari jipya lilipatikana kwa kibali. Mwenye gari kuukuu aliweza kutaja bei aliyoitaka, maana mnunuzi hakuwa na pengine pa kwenda. Bei ya wakati ule ilipima uhaba, haikupima ubora wa gari.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walikozipata. Pikapu zikaingia, na baada ya mageuzi yaliyofuata, magari yaliyotumika kutoka Japani yakajaa barabarani. Uhaba ukapungua, lakini kutojua kwa mnunuzi kukabaki kuwa mtaji wa muuzaji. Ndiyo maana hadi leo mtu asiyekubali kuuza gramu moja bila mizani hutoa mamilioni kwa gari alilolizunguka mara mbili tu.

Mizani ya gari ipo. Kwanza, jumlisha bei ya gari kama hilo huko linakotoka, nauli ya meli, kodi, na gharama ya kulifikisha kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mamlaka ya Mapato inayo orodha ya thamani za magari yaliyotumika, na mwananchi anaweza kuiangalia kwenye intaneti. Akumbuke pia kwamba gari lenye umri mkubwa hutozwa zaidi. Jumla hiyo ndiyo kikomo cha juu. Gari ambalo limekwisha kutumika hapa nchini lazima lishuke chini yake.

Pili, mpeleke fundi wako, si yule aliyeletwa na dalali. Alinganishe namba ya chesisi na kadi ya gari. Atazame kutu chini ya sakafu, kwa kuwa paa la turubai likichanika kwenye mishono maji hutuama chini ya mazulia. Alikunje na kulifungua paa hilo mara kadhaa. Kila kasoro itajwe kwa shilingi, nayo itolewe kwenye bei.

Tatu, uliza nani atalinunua kwako. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Pikapu hubeba maji, mawe na watu, na ukikwama hupata mteja upesi. Gari la michezo liko chini, barabara za machimboni zina vumbi na mashimo, na spea zake huenda zikaagizwa mbali. Mashimo ya dhahabu yakikauka, wenye magari huuza kwa pamoja, na hilo huwa la mwisho kupata mteja. Hasara hiyo nayo ni sehemu ya bei, na ipunguzwe leo, wakati fedha bado iko mfukoni mwako.

Starehe si dhambi, na mwenye jasho lake ana haki ya kupigwa upepo kichwani. Lakini babu zetu walikataa mizani ya mtu mmoja walipouza pamba. Wajukuu nao waikatae wanaponunua gari.